Anayetuangalia Tukiugua, Nani Anamwangalia? Ushauri kwa Simu kwa Wahudumu wa Afya Wakati wa Mlipuko

Maandishi ya kipindi cha redio. Msomaji ni mtangazaji mmoja. Maswali ya vikundi vya wasikilizaji yako mwisho.

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA]

Habari zenu Base Camp, habari zenu Juru, habari zenu Rubondo. Unayesikiliza ukiwa jikoni, usiache chungu kiungue, ongeza tu sauti. Ninyi mnaosikiliza kwa kikundi chini ya mti, wekeni redio katikati ili na wazee wasikie.

Leo nazungumza juu ya watu wanaotuangalia tukiugua: wauguzi, wakunga, madaktari, VHT wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao, wakalimani wanaokaa kati ya daktari na mgonjwa, wasafishaji wa wodi, wanaozika. Tunawajua kwa kazi yao. Wakati wa mlipuko wa ugonjwa tunawahitaji zaidi, na wakati huohuo ndipo tunapowakimbia. Swali langu la leo ni fupi. Anayetuangalia sisi, nani anamwangalia yeye?

Maneno haya nilianza kuyaandika Ruharo, kule Mbarara. Wengi wetu hapa Nakivale tunapajua Ruharo kwa sababu ya hospitali ya macho. Mimi pia nilikwenda kwa ajili ya macho, ya mama. Tulitoka alfajiri watu watatu: mama, mimi, na yaya wangu. Ninyi msiotoka Kongo, yaya kwetu ni dada mkubwa. Mama alipoingia kwa daktari, mimi na yaya tulibaki kwenye benchi nje. Hatukuwa na kazi ila kungoja. Hapo ndipo yaya aliponiambia jambo alilolificha kwa miaka kadhaa. Jambo hilo linanihusu mimi, na linahusu kazi hii ya kutangaza. Nimemwomba ruhusa nilieleze hewani. Amekubali, ila jina lake tusilitaje.

[MUZIKI MFUPI]

Tukumbushane kwanza. Shule za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020. Kesho yake, tarehe 21, mgonjwa wa kwanza wa Korona akathibitishwa nchini. Siku chache baadaye magari ya abiria yalizuiwa, kisha amri ya kutotoka usiku ikaja. Mwezi Aprili mwaka huohuo mgao wetu wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukapunguzwa tena, tukabaki na asilimia 60 ya mgao kamili. Juni 2021, wimbi la pili lilipokuja, tukafungiwa tena siku 42. Ninyi mliokuwepo hamhitaji kuelezwa zaidi.

Yaya alikuwa VHT na mkalimani kwenye kituo cha afya. Tulitoka Rutshuru mwaka 2012, akiwa tayari binti mkubwa, na anasema Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza. Kazi ya ukalimani watu wanaiona nyepesi. Wanasema, "Si anaongea tu?" Sikilizeni ilivyo. Daktari anasema kwa Kiingereza kwamba mgonjwa amefariki. Akimaliza anamtazama yaya. Familia nayo inamtazama yaya. Maneno "mama yenu ametutoka" yanatoka mdomoni mwake, si mdomoni mwa daktari. Familia ikipiga kelele, inampigia yeye. Ikiuliza kwa nini, inamuuliza yeye. Kisha anavuta pumzi, anaingia chumba kinachofuata.

Mimi wakati huo nilikuwa S.4. Shule imefungwa, nimekaa bure nyumbani. Walipotafuta vijana wa kutangaza kwa kipaza sauti kijiji hadi kijiji, nikajitolea. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika kipaza sauti. Karatasi niliyopewa ilikuwa na maneno mazuri: naweni mikono, vaeni barakoa, msikusanyike, mwenye homa na kikohozi apige simu. Nilisoma yote. Halafu nikaongeza yangu, ambayo hayakuandikwa na mtu. Nikasema, "Na hao wanaotoka kwenye kituo cha afya jioni, kaeni nao mbali, maana wao ndio wanaoshinda na ugonjwa."

Nilidhani nasaidia. Watu walitikisa vichwa, nikaona nimesema jambo la maana, nikalirudia kijiji cha pili na cha tatu.

Pale Ruharo yaya akaniambia kilichofuata. Kesho yake bombani wanawake walisogeza madumu yao alipofika. Hakuna aliyemtukana. Walisogeza madumu tu. Mama aliyekuwa akimsuka nywele akamwambia aje mwezi ujao. Watoto wake wakaambiwa wachezee kwao. Jioni alikuwa akipita njia ya nyuma, kwenye mashamba ya mahindi, ili asionekane amevaa fulana ya VHT. Mwisho akaanza kuivua na kuiweka mkobani kabla ya kufika nyumbani.

Nikamuuliza, "Yaya, kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ulikuwa umefurahi sana na kile kipaza sauti, mdogo wangu."

[KIMYA KIFUPI]

Wapendwa, hofu yetu wakati ule haikuwa ya bure, na hofu ya wahudumu wa afya pia si ya bure. Mlipuko huwapata wao mapema, na huwapata vibaya. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, hospitali ya Lacor ilipoteza wauguzi kadhaa, na tarehe 5 Desemba ikampoteza mkuu wake, Dakta Matthew Lukwiya. Septemba 2022 Ebola ilitangazwa Mubende, na ilipokwisha Januari 2023, wahudumu wa afya 19 walikuwa wameambukizwa na 7 wamekufa. Januari 2025 ilipotangazwa tena, mtu wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa Mulago, Kampala. Kwa hiyo muuguzi anapofunga glavu asubuhi, anajua hesabu hizo. Anazibeba kazini, na jioni anarudi nazo kwa watoto wake.

Mzigo huo ndio tunaouita msongo wa mawazo. Si wazimu. Si uchawi. Si upungufu wa imani. Mwili umekaa tayari kwa hatari siku nyingi mno, umesahau namna ya kupumzika.

Dalili zake ni hizi, na yaya alikuwa nazo karibu zote. Usingizi hauji, au unakuja na kukatika saa nane ya usiku. Moyo unakimbia mtu akiwa amekaa. Kichwa na mabega vinauma bila homa. Anasahau: yaya aliacha maharagwe motoni mpaka chungu kikapasuka. Anakasirika upesi: alimfokea mzee aliyeuliza swali lilelile mara mbili, kisha akaenda kulia chooni. Au anakuwa kama jiwe: anatangaza kifo na hasikii chochote, na hilo linamtisha kuliko kulia. Wengine wanaanza kutafuta pombe kila jioni. Wengine wanaona bora waache kazi. Julai 2021 yaya alikunja fulana yake, akaweka daftari la VHT juu yake, tayari kurudisha.

[MUZIKI MFUPI]

Msaada uliomfikia ulikuja kwa simu.

Kulikuwa na mpango wa ushauri nasaha kwa wahudumu wa afya, bila malipo, kwa njia ya mtandao na simu. Sitautaja jina, hapa sitangazi biashara ya mtu. Sababu ya simu mnaijua: washauri walikuwa Mbarara na Kampala, sisi tuko huku, gari hakuna. Na hata gari lingekuwepo, nani angetaka kukaa saa nzima chumba kimoja na mtu mwingine wakati ule?

Lakini msifikiri ilikuwa rahisi. Kizuizi cha kwanza kilikuwa fomu. Ilijazwa kwenye intaneti, ikauliza anwani ya barua pepe na namba ya mfanyakazi. VHT hana namba ya mfanyakazi. Yaya hakuwa na barua pepe. Yeye anaitwa mhudumu wa afya kunapokuwa na kazi, lakini fomu haikumjua. Muuguzi mmoja aliyeliona hilo ndiye aliyempigia mratibu na kumwambia jina lake liandikwe kwa namba ya simu tu. Muuguzi huyo naomba Mungu ambariki. Na ninyi mnaopanga mipango kama hiyo, mkinisikia: andikeni fomu ambayo hata mkalimani na msafishaji wa wodi anaweza kuipita.

Kizuizi cha pili kilikuwa lugha. Mshauri wa kwanza alikuwa na Runyankole na Kiingereza. Yaya anasema Kiingereza siku nzima kwa ajili ya wengine. Alipoanza kueleza yake kwa Kiingereza, alijikuta tena kazini, anatafsiri. Akaomba mtu wa Kiswahili, akapewa. Wapendwa, mtu ana haki ya kulia kwa lugha yake.

Cha tatu kilikuwa chaji na bando. Kuchaji simu kwenye duka la sola ni hela. Intaneti ni hela, na tangu Julai 2021 bando lina kodi ya asilimia 12. Ndiyo maana walikubaliana mshauri apige simu ya kawaida, yeye ndiye alipe, na WhatsApp ibaki kwa ujumbe mfupi wa sauti tu, wa kusikiliza mazoezi. Ushauri wa kutazamana kwa video unafaa kwa mwenye netiweki nzuri. Kwetu simu ya kawaida ilitosha.

Kizuizi cha nne ndicho kikubwa: mahali. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na pazia, na watu saba. Ukisema kwa simu "nimechoka kuishi hivi", mtoto anasikia, mama mkwe anasikia, jirani anasikia kupitia ukuta wa udongo. Yaya alijaribu shambani, netiweki ikakosekana. Mwisho akapata kilima kidogo nyuma ya mashamba, ambako simu inashika na ziwa linaonekana kwa mbali. Alisema nyumbani kwamba anakwenda kutafuta kuni. Kila Alhamisi saa kumi jioni alipanda na kamba ya kuni, akarudi na kuni kidogo. Mama alishangaa kuni za Alhamisi zilivyo chache.

Mazungumzo yalikuwa sita, kila moja kama dakika arobaini. Nimemuuliza yaya yalivyokwenda ili ninyi mnaoogopa neno "ushauri nasaha" mjue kilicho ndani.

Siku ya kwanza mshauri aliuliza mambo ya usalama. Uko peke yako? Kuna anayesikia? Simu ikikatika nani apige tena? Wakakubaliana kwamba apige mshauri. Wakachagua na neno la siri: mtu akikaribia, yaya aseme "sukari", na mshauri ataanza kuuliza habari za soko. Kisha akauliza wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Yaya anasema swali hilo halikumsukuma kwenye ubaya. Lilimpa nafuu kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia jibu bila kupiga kelele. Na mshauri akamwahidi kwamba anayoyasema hayatafika kwa mkuu wake wa kazi, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Bila ahadi hiyo, anasema, asingefungua mdomo.

Siku ya pili walizungumza usingizi. Siku ya tatu walifika kwenye jeraha lenyewe. Yaya alisema, "Mimi ndiye ninayewaua. Wanakuwa hai mpaka mimi niseme." Alilisema kwa mara ya kwanza, akalia, na hapohapo netiweki ikakatika. Fikirieni. Amekaa juu ya jiwe, ametoa neno hilo, simu ni kimya. Dakika nne, anasema, zilikuwa ndefu kuliko siku. Kisha simu ikaita, na mshauri akasema, "Nipo. Nilisikia mpaka neno la mwisho. Tuendelee."

Walilipima neno lile polepole. Ugonjwa uliingia lini mwilini mwa mgonjwa? Nani alikuwepo? Kama yaya angekaa kimya, yule mama angeamka? Na familia ingekuwa wapi bila mtu wa kuwaambia kwa lugha yao, ingebaki mlangoni ikikisia kwa kutazama uso wa daktari? Mshauri hakumwambia asihuzunike. Alimsaidia kutenga mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja: anayeleta kifo, na anayeleta habari ya kifo kwa heshima.

Siku ya nne waliangalia kazi yenyewe: nini kinaweza kubadilika? Yaya akapata ujasiri wa kumwomba mkuu wa zamu kwamba mkalimani mmoja asitangaze vifo siku mbili mfululizo, wapokezane. Likakubaliwa. Siku ya tano walizungumza majirani. Mshauri alimwambia asijaribu kuwabadilisha wote, achague mmoja. Yaya akamchagua yule msusi. Siku ya sita waliagana, na kuandika nini cha kufanya dalili zikirudi, maana zinaweza kurudi.

Fulana na daftari hakurudisha. Usingizi haukuja wote kwa mara moja, lakini alianza kulala mpaka saa kumi, kisha mpaka jogoo.

[MUZIKI MFUPI]

Kuna atakayesema: hayo ni ya dada yako, sisi tutaaminije kwamba mazungumzo yanatibu? Swali zuri. Majibu mengine yametoka kwetu wakimbizi.

La kwanza limetoka hapahapa Nakivale. Miaka ya mwanzo ya 2000 watafiti waliwafundisha wakimbizi wa makazi haya kuwa washauri. Hawakuwa madaktari. Walikuwa watu kama wewe na mimi. Waliwasaidia wenzao wa Rwanda na Somalia waliokuwa na majeraha ya vita moyoni, kwa mazungumzo ya siku chache tu. Utafiti ulihusu watu 277 na ulichapishwa mwaka 2008. Waliopata mazungumzo walipata nafuu kuliko waliokuwa wakifuatiliwa tu bila matibabu. Kwa hiyo hekima hii iliwahi kupandwa katika udongo huu.

La pili limetoka Rhino Camp, West Nile. Huko wanawake wakimbizi 694 wa Sudan Kusini walishiriki katika utafiti wa mafunzo ya kukabiliana na msongo yaitwayo Self-Help Plus. Mafunzo yalikuwa ya wiki tano, na jambo lililonifurahisha mimi mtangazaji ni hili: mwalimu alikuwa sauti iliyorekodiwa. Wanawake walikaa kwa kikundi, wakasikiliza sauti kwa lugha yao, wakafanya mazoezi. Miezi mitatu baada ya mafunzo, waliohudhuria walikuwa na mateso kidogo ya moyo kuliko wasiohudhuria. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu chenye picha, kwa ajili ya kila mtu aliye katika msongo, kikiwa na mazoezi yaleyale.

Mazoezi ni matano. Nayaeleza kwa maneno ya kwetu. Kwanza, kutia nanga: dhoruba ikija moyoni, rudi mahali ulipo, sikia miguu yako chini. Pili, kujinasua: wazo likikushika kama ndoano, litaje, sema "hili ni wazo", kisha rudi kwenye unachokifanya. Tatu, kutenda unachokithamini: jiulize unataka kuwa mtu wa namna gani, fanya jambo moja dogo la namna hiyo leo. Nne, kuwa mwema: zungumza na nafsi yako kama ambavyo ungezungumza na rafiki mgonjwa. Tano, kutoa nafasi: maumivu mengine hayafukuziki, yaache yapite kama mvua huku unaendelea kuishi.

La kwanza tulifanye pamoja sasa hivi. Ninyi wahudumu wa afya mlio zamu, linafanyika hata mkiwa mmesimama. Bonyeza miguu yako chini. Sikia udongo au sementi. Toa pumzi yote, polepole. Sasa acha pumzi iingie yenyewe. Tazama vitu vitatu vilivyo mbele yako. Sikiliza sauti mbili.

[SEKUNDE 20 ZA KIMYA]

Asante. Dhoruba haijaondoka, lakini chombo kimetia nanga.

Sasa niseme na mipaka ya jambo hili, nisije nikawauzia ndoto. Simu haileti glavu. Simu hailipi mshahara uliochelewa, wala haiongezi muuguzi wa pili kwenye zamu ya usiku. Mhudumu akilia kwa sababu hana barakoa, dawa yake ni barakoa. Ukimpa mtu mazoezi ya kupumua na kumnyima vifaa, umemdhihaki. Hayo mawili yaende pamoja.

Na simu haitoshi kwa kila hali. Mtu anayefikiria kujiua, au asiyelala kabisa, au anayesikia sauti zisizokuwepo, asingoje Alhamisi. Asiachwe peke yake. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, naye akihitaji zaidi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara ina kitengo cha afya ya akili. Usipojua pa kuanzia, namba ya bure ya wakimbizi hapa Uganda ni 0800 323232. Uliza uelekezwe.

Nirudi Lacor kidogo. Katikati ya ule mlipuko wa mwaka 2000, baada ya vifo vya wenzao, wauguzi walifika mahali pa kusema hatuwezi tena. Dakta Lukwiya hakuwatumia barua ya onyo. Alikwenda kukaa nao, wakazungumza kwa saa nyingi, akawasikiliza, akawaambia yeye anabaki. Wakarudi kwenye wodi. Siku chache baadaye yeye mwenyewe akaugua, akafa. Wakati ule hakukuwa na ushauri wa mtandao. Kulikuwa na mtu aliyekuja na kusikiliza. Simu ni njia ya kumleta mtu huyo anaposhindwa kufika. Na sisi majirani tuko karibu kuliko simu.

[MUZIKI UNAINGIA CHINI KABISA]

Wapendwa, mlipuko mwingine unaweza kuja. Ukija, naomba tufanye haya. Muuguzi au VHT akipita, tumsalimie. Salamu ya mbali ni salamu, mita mbili hazizuii "habari za kazi". Tumtekee maji, tuweke dumu mlangoni pake. Mume wa muuguzi, mama mkwe wa VHT, mpe nusu saa na pembe ya nyumba ambako anaweza kuzungumza na simu bila kuulizwa "unaongea na nani?". Mwenye duka la sola, simu ya mhudumu wa afya mchaji kwanza. Viongozi wa vijiji, mkisikia maneno ya kuwatenga, yakateni siku hiyohiyo.

Na sisi watangazaji, pamoja na vijana wanaoshika kipaza sauti, tusome kilichoandikwa. Neno moja tunaloongeza kwa kujifurahisha linaweza kumpitisha mtu njia ya nyuma mwaka mzima.

Pale Ruharo nilimwomba yaya msamaha. Akaniambia, "Mimi nimekusamehe. Lakini ulilisema kwa kipaza sauti." Nimeelewa maana yake. Kwa hiyo nasema kwa kipaza sauti. Yaya, na ninyi wahudumu wa afya wa Nakivale niliowasemea vibaya mwaka 2020, nilikosea. Hamkutuletea ugonjwa. Mliusimamia mlangoni ili usiingie kwetu wote. Nawaomba msamaha.

Mama macho yanaendelea vizuri, mnaouliza. Siku hizi anaona kuni za Alhamisi ni ngapi, na ameshaambiwa kwa nini.

Hadi kipindi kijacho, mimi mtangazaji wenu nasema kaeni salama. Kwaherini.

[MUZIKI UNAPANDA, UNAISHIA]

Maswali ya kikundi cha wasikilizaji:

1. Wakati wa Korona, wahudumu wa afya wa kijiji chetu walitendewaje? Kama yuko mmoja kati yetu, na akipenda, atueleze.

2. Dalili gani za msongo zilizotajwa mmewahi kuziona kwa mtu anayewahudumia wengine? Mlifanya nini?

3. Mtu wa kijiji chetu akitaka kuzungumza na mshauri kwa simu, ataipata wapi faragha, chaji na netiweki? Tunaweza kutenga mahali?

4. Mlipuko ukija kesho, jambo gani moja kila mmoja wetu atamfanyia VHT wake?